Viatu vya Kahawia vya Majaliwa

Bagamoyo nzima, miaka ile iliyofuata vita vya Hitla, ilikuwa na jozi moja tu ya viatu vya mpira vya njumu, vya rangi ya kahawia, nayo ilikuwa ya Majaliwa wa mtaa wa Dunda. Alipewa na karani mmoja wa Kigoa siku karani huyo alipohamishwa, tena alipewa bure, maana Majaliwa alikuwa mtu wa kupendwa na kila aliyekutana naye. Viatu vyeusi vilikuwapo, jozi mbili tatu, vya askari na walimu. Wachezaji wengine wote walicheza pekupeku. Kucha ziking'oka walipaka vidole mafuta ya nazi wakasubiri nyingine ziote. Na viatu vyote vya wakati ule vilifanana umbo, virefu hadi fundo la mguu, ncha ngumu kama ubao. Rangi ndiyo iliyovitenga. Ukiona kahawia inakimbia uwanjani, hukuuliza ni nani.

Majaliwa hakuvivaa vyote viwili. Hapo ndipo wageni wa kutoka Dar es Salaam walipokuwa wakishika mbavu kwa kicheko. Yeye alikuwa winga wa kulia, akavaa kiatu cha kulia. Rafiki yake Bwanausi alikuwa winga wa kushoto, akavaa cha kushoto. Mguu wa pili wa kila mmoja ulibaki mtupu.

"Mguu unaopiga ndio unaovaa," Majaliwa aliwajibu. "Huo mwingine ni wa kusimamia tu."

Mechi ikiisha, Bwanausi alivichukua vyote kwake, akavisafisha, akavishona palipofumuka, kisha akavirudisha. Hiyo ilikuwa kazi yake kwa sababu alikuwa fundi wa nyavu, na sindano na uzi mgumu havikumpungukia. Wavuvi walimletea nyavu zilizochanika akazitia viraka, na nyavu mpya akazitia rangi ili zisioze. Alichemsha magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, katika sufuria kubwa ya shaba mpaka maji yakawa mekundu, akayamimina ndani ya pipa la mbao nyuma ya nyumba, akazilaza nyavu humo. Wavuvi walimsifu hadi Saadani. Na yeye sifa alizipenda, nani asiyezipenda.

Majaliwa alikufa kwa homa, ghafla, kama taa inavyoishiwa mafuta. Jumamosi alicheza, Jumatatu alizikwa. Viatu vilikuwa kwa Bwanausi, juu ya kichaga cha nyavu, cha kushoto kimekwisha kushonwa, cha kulia bado.

Kaburini, udongo ulipokwisha kusawazishwa na talakini kusomwa, Mwalimu Mwinyijuma, imamu wa mtaa, aliwageukia watu akasema yale yanayosemwa kila maiti anapozikwa. "Ndugu yetu ametangulia. Mwenye kumdai aje kwa jamaa zake alipwe. Na mwenye amana yake, kitu chake chochote kile, aseme, asije akalala na mzigo wa marehemu."

Bwanausi alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, jembe mkononi, machozi hayajakauka. Alivikumbuka viatu. Alikumbuka vizuri kabisa, tusimwongezee wala tusimpunguzie. Akaona haya kutaja viatu vya mpira makaburini, mbele ya watu wazima wanaofuta macho. Akajiambia atasema kesho. Mwalimu alingoja kidogo, akaomba dua, watu wakatawanyika. Mimi nasema hapo hapakuwa na wizi bado. Palikuwa na uzito wa ulimi tu, na lau angeufungua jioni ile, au kesho yake, hadithi hii isingekuwapo.

Lakini kesho ilikuja akawaza: watu wataniuliza mbona jana ulinyamaza. Kesho kutwa swali likawa gumu zaidi. Na wakati huohuo, chumbani mwake, alikuwa amevivaa vyote viwili kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisimama. Akatembea kutoka mlangoni hadi kitandani. Alijiona mrefu. Mwezi uliofuata timu ya makuli wa bandarini ilikuwa inakuja kutoka Dar es Salaam, na mtu aliyecheza miaka yote na kiatu kimoja aliona si vibaya kucheza mara moja tu na viwili. Mara moja, halafu atavirudisha. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, na alijidanganya kwa ustadi, maana alikuwa mtu wa ustadi katika kila jambo.

Tatizo lilikuwa ile rangi. Mkewe, Ashura, alikuwa amekwenda Ubena kumwuguza dada yake aliyejifungua, nyumba ilikuwa kimya. Bwanausi akatoa sufuria ya shaba.

Mkandaa peke yake hutoa wekundu wa udongo, na wekundu juu ya kahawia ungezidi kuita macho ya watu. Lakini fundi yeyote wa nyavu anajua kitu anachokiogopa: kutu. Ukitumbukiza chuma chenye kutu ndani ya maji ya mkandaa, maji yote hugeuka meusi kama wino. Mwaka mmoja msumari uliodondoka ndani ya pipa ulimharibia wavu wa mtu, akalazimika kumwomba radhi. Safari hii aliikusanya kutu kwa makusudi. Alitafuta misumari ya zamani, kipande cha mnyororo wa nanga, kopo lililoliwa na chumvi, akavitia vyote ndani ya pipa. Akangoja maji yapoe, kwa kuwa ngozi haichemshwi kama uzi. Kisha akavizamisha viatu, kimoja kimoja, akaviwekea jiwe juu visielee.

Mtu mwingine angevichovya akavitoa. Rangi ya juujuu ingetosha. Lakini Bwanausi alikuwa na mazoea yake ya kazi, na mkono wa fundi haujui kufanya ovyo hata unapoiba. Aliviacha siku tatu, akavitoa, akavianika kivulini nyuma ya kichaga, akavirudisha pipani tena, akaviacha kwa muda uleule. Kila alipopita karibu na pipa aligeuza uso upande wa pili. Alipovitoa mara ya mwisho vilikuwa vyeusi tititi. Akavipaka mafuta ya papa vilainike, akavitia kamba mpya. Akavitazama, na katikati ya aibu yake akahisi kitu ambacho yeye mwenyewe alikichukia: alivutiwa na kazi yake.

Kisha akavifunga ndani ya mfuko, akapanda lori kwenda Dar es Salaam kununua uzi wa nyavu, akarudi navyo begani, kamba zimefungwa pamoja, vining'inie kila mtu avione.

"Nimenunua kwa baharia mmoja," aliwaambia wachezaji wenzake, nao wakampigia makofi. Ashura aliporudi kutoka Ubena alimwambia hayohayo.

Siku ya arobaini ya Majaliwa ilisomwa hitima nyumbani kwa marehemu. Dadi, kaka yake, aliyekuwa mkulima wa Mkange, alikuwa amekaa pale tangu siku ya tatu ya msiba. Marehemu hakuacha mtoto. Warithi walikuwa huyo Dadi na mjane, Tabia, aliyekuwa ndani edani, nguo nyeupe, nyuma ya pazia, hatoki wala haonani na wanaume wasio maharimu wake. Watu walipokwisha kula, walibaki wachache kwa ajili ya kugawa mirathi: Dadi, Mwalimu Mwinyijuma, jirani wawili watatu, na Bwanausi, kwa kuwa alikuwa kama ndugu wa marehemu.

Dadi hakuwa mtu wa tamaa. Hilo nalo lisemwe.

"Minazi aichukue Tabia," alisema. "Kitanda achukue, vyombo achukue. Mimi nataka viatu vya ndugu yangu. Nikirudi Mkange nivitundike ukutani, watoto wangu wajue baba yao mdogo alikuwa nani."

Vikatafutwa. Chini ya kitanda, darini, ndani ya kasha. Tabia akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba hajaviona tangu ile Jumamosi ya mechi. Anavyojua viko kwa Bwanausi.

Macho yote yakamgeukia. Nafasi ile Mwenyezi Mungu alimpa mkononi, ya tatu au ya nne sijui. Angesema, "Kweli, viko kwangu," angeona haya, angetukanwa kidogo, yangeisha. Lakini viatu vilikuwa vyeusi. Angeelezaje weusi? Mtu anayesahau amana haitii rangi. Kabla hajajijua neno lilikwisha kumtoka.

"Nilivirudisha Jumapili," alisema. "Majaliwa amelala na homa yake. Nilimkabidhi shemeji, mkononi."

Tabia akasema nyuma ya pazia, taratibu, "Shemeji Bwanausi. Mimi?"

"Labda umesahau," Bwanausi akasema. "Ulikuwa katika majonzi."

Dadi alisimama. Yeye na ndugu yake walikuwa yatima waliolelewa kwa taabu, na huzuni yake yote ya siku arobaini ikapata mlango wa kutokea. Akauliza vimekwenda wapi. Akauliza ni mwanamume gani aliyepewa viatu vya ndugu yake, maana viatu vya mpira havivaliwi na mwanamke. Mwalimu akamsihi anyamaze. Tabia akaomba msahafu. Ukapitishwa chini ya pazia umefungwa kitambaa cha kijani, na wote walimsikia akiapa kwamba hakukabidhiwa viatu wala hajui viliko.

Hakuna aliyemwambia Bwanausi aape. Alikuwa rafiki wa marehemu, alibeba jeneza, nani angemtaka kiapo?

"Haya, umeapa," Dadi akasema. "Basi mmoja kati yenu ni mwongo, na mwenzako hana sababu ya kusema uongo."

Siku ya pili Tabia aliondolewa katika nyumba ya mumewe, eda haijafika hata nusu, akapelekwa kwa shangazi yake Kerege ndani ya gari la makaa, amefunikwa shuka gubigubi. Mjane kutolewa edani ni jambo ambalo wanawake wa Bagamoyo hulitaja kwa sauti ya chini. Waliosimama barazani siku ile walilitaja kwa sauti ya juu. Bwanausi alikuwa ndani ya kiwanja chake, mikono imo ndani ya pipa. Alilisikia gari likipita. Aliendelea kugeuza nyavu, akazigeuza, akazigeuza, hata Ashura akatoka kumwuliza kama zimeungua.

Mechi ikafika. Akavivaa.

Cha kushoto kilimjua. Cha kulia hakikumjua, wala hakikutaka kumjua. Kilikuwa kimeshika umbo la mguu wa Majaliwa, penye kifundo cha dole gumba pamevimba, kisigino kimekaa upande. Kila alipokanyaga alihisi anakanyaga ndani ya mguu wa mtu mwingine. Alitaka kukivua, lakini watu wangeuliza. Akacheza hivyohivyo, na kwa mkosi wake alicheza vizuri. Alifunga goli kwa mguu wa kushoto, na watu wa Dunda wakaingia uwanjani wakambeba juu juu, wakiviita viatu vyeusi kwa majina ya kuvisifu. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya kilio, "Laiti Majaliwa angekuwapo leo!" Bwanausi akawaomba wamshushe. Hawakumshusha. Akatapika pale pale begani mwa mtu, watu wakasema ni jua.

Tangu siku hiyo chakula hakikupita. Akiswali alisahau rakaa. Roho ilimsuta mchana kutwa, na kilichomsuta hakikuwa viatu tena bali ile sauti ya nyuma ya pazia, isiyokuwa na hasira, iliyouliza tu, "Mimi?"

Basi asubuhi moja akavitia viatu kapuni, akapanda baiskeli kwenda Kerege. Alimwambia Ashura kwamba anakwenda kutazama magome ya mkandaa. Uongo ulikuwa umekwisha kumzoea, ulitoka bila kuitwa.

Shangazi yake Tabia, Bi Mwanamvua, alimkuta amesimama uani.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba. Umefuata nini, mwanangu? Hapa pana mwanamke wa eda."

"Nimekuja kuomba radhi. Naomba nisemee hapahapa nje, naye anisikie akiwa ndani."

Mama yule akamtazama, akaleta kigoda, akakaa mwenyewe katikati ya mlango. Bwanausi alisema yote, akitazama udongo. Alisema habari ya kaburini, ya pipa, ya kutu, ya safari ya Dar es Salaam, ya "nilimkabidhi mkononi". Alipomaliza akavitoa viatu kapuni akaviweka mbele ya mlango.

"Nimevirudisha, shemeji," alisema. "Ni vyako na vya Dadi. Naomba unisamehe."

Mle ndani Tabia akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na raha ndani yake.

"Umevileta hapa? Kerege?" alisema. "Shemeji, una akili kweli? Mimi nimeapa kwa msahafu kwamba sijui viliko. Kesho mtu akivikuta nyumbani kwa shangazi yangu, niseme nini?"

Bwanausi hakuwa amelifikiria hilo. Alitoka nyumbani akidhani atautua mzigo, na hakujiuliza ataushushia nani.

"Viondoe," Tabia akasema. "Viondoe sasa hivi. Ulinivua heshima mbele ya watu, na hapa uani hawapo. Wewe watafute walionisikia nikiapa, ukasimame mbele yao wote, useme kama ulivyosema hapa. Ukikwisha hapo ndipo uniulize habari ya kusamehe."

"Nitasema Ijumaa," alisema Bwanausi.

"Sema Ijumaa."

Bi Mwanamvua alimsindikiza hadi barabarani. "Usimchezee mtoto wangu," alimwambia. "Hana kitu kingine kilichobaki isipokuwa jina."

Ijumaa ile, swala ilipokwisha, Bwanausi alisimama barazani pa msikiti. Dadi alikuwapo, alikuwa bado hajarudi Mkange, na Mwalimu Mwinyijuma, na jirani waliokuwapo siku ya arobaini, na watu wengine wengi. Alivitoa viatu kapuni, akavishika juu.

"Hivi ni viatu vya Majaliwa," alisema. "Sikumkabidhi Tabia. Nilikuwa navyo mimi tangu mwanzo. Tabia aliapa kweli, na mimi ndiye niliyesema uongo."

Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliweza kuvuta pumzi mpaka chini. Alimwona Dadi akija. Akajiandaa kupigwa, na naapa alitamani kupigwa.

Dadi akavichukua. Akavigeuza huku na huku.

"Hivi vyeusi," alisema.

"Nilivitia rangi. Mkandaa na kutu."

"Vya ndugu yangu vilikuwa vya kahawia. Nimeviona kwa macho yangu mimi."

"Ndivyo hivi hivi, Dadi. Nilivitia rangi visijulikane."

Mmoja wa wachezaji wenzake akasema, "Lakini Bwanausi, hivi si ulivinunua Dar? Mimi nilikuwapo uliposhuka kwenye lori."

"Niliwadanganya."

"Na ya kwamba ulimkabidhi mjane mkononi?"

"Nilidanganya hilo pia."

"Basi na haya ya leo?" mtu akauliza kutoka nyuma, na wengine wakacheka.

Dadi hakucheka. "Nani kakutuma?" aliuliza.

"Hakuna aliyenituma. Nimekuja mwenyewe. Tabia aliniambia nije niseme mbele ya..."

Akajikatiza, lakini alikwisha kuchelewa.

"Tabia?" Dadi akasema. "Umemwona wapi Tabia?"

Angeweza kusema uongo hapo, na safari hii uongo ungekuwa na faida. Lakini alikuwa ameazimia kusema kweli, na mtu aliyechoka na uongo hushika kweli kama aliyechoka na maji anavyoshika gogo. Akasema alikwenda Kerege.

Barazani pakalipuka. Mwanamume amemwendea mjane edani! Na karudi anamtetea, na viatu vipya mkononi, atuambie ni vya marehemu! Bwanausi akapaza sauti, shangazi alikuwapo, nilisimama uani, lakini sauti yake ilimezwa. Mwalimu Mwinyijuma akainua mkono, watu wakatulia kidogo, akauliza kama kuna shahidi aliyeviona viatu hivyo vikiwa kahawia mikononi mwa Bwanausi baada ya mazishi, au vikitiwa rangi.

Nyumba ilikuwa jirani. Akaitwa Ashura. Alikuja na buibui lake, akasimama chini ya ngazi, mikono ina unga. Mwalimu akamwuliza kwa upole. Ashura akamtazama mumewe, asielewe anatakiwa aseme nini, akasema lile alilolijua.

"Mimi niliporudi kutoka Ubena nilivikuta vyeusi. Aliniambia kavinunua kwa baharia." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona watu wanasema Kerege? Si ulikwenda kwenye magome?"

Hapo hata Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Nileteeni msahafu," Bwanausi akasema. "Nitaapa."

"Tabia aliapa kwa msahafu huohuo," Mwalimu alijibu, "na kwa neno lako wewe hatukumsadiki. Leo nikuletee wa nini?"

Bwanausi akakumbuka kisu cha nyavu kiunoni mwake. Akavinyakua viatu kutoka mkononi mwa Dadi, akapiga magoti sakafuni. "Tazameni," alisema, "rangi iko juu tu, tazameni ndani, ndani ni kahawia," akakipasua cha kulia kutoka ncha hadi kisigino. Watu wakainama.

Ngozi ilikuwa nyeusi. Nyeusi juu, nyeusi katikati, nyeusi upande wa mguu. Akaukata ulimi wa kiatu. Mweusi. Akaibandua soli, akaing'oa njumu moja, akakata chini yake. Akakichukua cha kushoto akakipasua nacho, akijikata kidole bila kujua, na kila alipopasua akakuta kazi yake mwenyewe, nzuri, imeingia hadi moyoni mwa ngozi, haikuacha mahali. Alitafuta kahawia hata ya ukubwa wa ukucha. Aliendelea kukata hata vipande vilipokuwa vidogo mno kushikika.

Watu walianza kuondoka wawili wawili. Ashura alikwisha kuondoka. Dadi alibaki amesimama, na alipozungumza hakuwa na hasira tena, bora angekuwa nayo.

"Ndugu yangu alikuwa akikwambia wewe mambo ambayo mimi hakuniambia," alisema. "Kumbe ndivyo ulivyomlipa. Na yule mwanamke."

"Dadi, wallahi, Tabia hana kosa."

"Nimesikia," alisema Dadi. "Umemtetea vya kutosha."

Akavaa makubadhi yake akashuka ngazi. Bwanausi alibaki na vipande mapajani, damu ya kidole ikidondokea juu yake bila kuonekana. Alitaka kukimbilia Kerege amweleze kabla hajaelezwa na wengine, akakumbuka kwamba hilo ndilo jambo moja ambalo hawezi kulifanya tena milele.

Gari la makaa liliondoka Bagamoyo alasiri ile ile na abiria wake na maneno yao, na kabla ya magharibi Tabia alipata habari kwamba aliyemvunjia jina lake amesimama mbele ya watu wote, kama alivyomtaka. Kuanzia Ijumaa ile hakuna tena aliyeuliza viatu vya Majaliwa vilikwenda wapi. Bagamoyo nzima ilikwisha kujua Tabia alimpa nani: huyohuyo aliyesimama kumtetea.